Siafu Ambao Sikuwaona

Macho ya mama yangu yalipoanza kufifia, swali la kwanza alilomuuliza daktari pale Kapkatet halikuwa kama atapona. Aliuliza kama ataendelea kuona vitu vidogo vilivyo chini. Daktari alifikiri anazungumzia sindano au mawe kwenye mchele, akamweleza polepole kwamba mishipa ya nyuma ya jicho ikishakufa hairudi. Mama aliitikia kwa kichwa, akaomba apewe koti lake.

Tulipofika nyumbani, upande wa Roret, ndipo nilipoelewa. Alikuwa anawaza siafu.

Mama ndiye aliyeulizwa habari za mvua katika mtaa wetu. Hakuwa mganga, na neno hilo lilimkasirisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa tangu usichana wake. "Mimi siiti mvua," alikuwa akisema. "Mimi naiona tu ikija, kama vile wewe unavyoona mgeni akipanda mlima." Mimi mwenyewe nilizaliwa mvua ikipiga paa, na kwetu mtoto kama huyo hupewa jina lenye mvua ndani yake, kwa hivyo tangu nikiwa mdogo watu walinitania kwamba mama aliniona nikija pia.

Watu wa mbali hudhani kwamba huku kwenye chai mvua haina shida, kwamba inakuja kila alasiri kama mfanyakazi anayeingia zamu. Zamani ilikuwa karibu hivyo. Chai huvumilia ikichelewa siku kumi. Mahindi na maharagwe hayavumilii. Ukipanda mapema, mbegu inaliwa na panya, au inachipuka kwa manyunyu ya uongo kisha inakauka. Ukichelewa, baridi ya Juni inakuta mahindi yako yangali chini ya goti, na hapo hayakui tena. Basi kila mwaka, kuanzia mwisho wa Februari, watu walikuwa wakisimama langoni kwetu. Hawakuuliza moja kwa moja. Walisalimu, wakasifu ng'ombe, kisha wakasema, "Kogo, jua ni kali, eh?" Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya, na wote walimwita hivyo, hata wale waliokuwa na wajukuu wao.

Yeye aliwajibu kwa neno moja, "Bado." Au, siku ikifika, "Tayarisheni jembe." Na walitoka hapo karibu wanakimbia.

Dalili zake hakuzificha. Moshi wa jikoni ukikataa kupanda, ukatambaa juu ya mabati na kushukia kwenye chai, hilo lilikuwa neno. Ng'ombe akiinua pua upande wa Sondu na kukataa maji, hilo nalo ni neno. Kulikuwa na yule ndege asiyeonekana, anayeita sauti tatu zinazoshuka, asubuhi yote bila kuchoka, mpaka unatamani kumtupia jiwe. Kulikuwa na siku ambazo jua lilivaa duara, na vilima vya ng'ambo vikasogea karibu mpaka ukahesabu miti yake. Lakini kwa mama yote hayo yalikuwa mazungumzo tu. Hakusema lolote mpaka awaone siafu wakitoka bondeni kwenye mto, wakikata njia pale kwenye tangi la maji na kuelekea juu, wamebeba mayai yao meupe.

"Ndege anaweza kuita kwa sababu anatafuta mke," aliniambia. "Ng'ombe anaweza kukataa maji kwa sababu ni machafu. Lakini nani huhamisha watoto wake kwa mchezo?"

Nilirudi nyumbani mwaka ule macho yake yalipokuwa yamebakiza mwanga tu. Nilikuwa Londiani miaka mingi, nashona nguo kwenye kibanda karibu na steji ya matatu, na ndugu zangu wote wako mbali. Nilileta cherehani yangu nikaiweka barazani, mama akaweka kigoda chake karibu nayo, na hivyo tukaanza kuishi, mimi nikishona na yeye akisikiliza. Alijifunza upesi. Alijua nani anapita barabarani kwa jinsi anavyoburuta miguu. Alijua majani yamekaa sana kwenye magunia kabla ya gari la chai kufika, kwa harufu. Dalili za mvua zilizo za masikio na pua alikuwa nazo bado. Zile za macho alinipa mimi.

"Nenda uangalie pale kwa tangi," alikuwa akiniambia.

Nilienda. Machi ilipoingia alinituma asubuhi, mchana na jioni. Nilikuta njia kavu, vumbi, na wale sisimizi wa kawaida wanaozunguka bila mpango. Nilirudi nikasema, "Hakuna, Mama," naye akasema, "Bado basi." Huo ndio ukawa mwendo wa siku zetu.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mwanamke wa rika langu, au mkubwa kidogo. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri, lakini yeye alizaliwa hapa, na lugha yetu aliizungumza vizuri kuliko vijana wengi wa hapa. Alikuwa na kibanda cha viazi na mbegu sokoni Roret, na alilima shamba la kukodi chini ya letu. Mwaka ule mbaya wa uchaguzi, watu walipofukuzana kwa makabila, magunia yake yalikaa chini ya kitanda cha mama, na yeye mwenyewe alikaa siku tatu jikoni kwetu mlango umefungwa. Hilo hawakulizungumzia tena. Lakini tangu hapo hakuwahi kupita langoni bila kuingia. Mama alimwita "jirani" tu, kama vile hapakuwa na jirani mwingine duniani.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na gauni za kwaya ya akina mama, zilizotakiwa kabla ya Jumapili ya Matawi, na kitambaa chake kilikuwa kile kinachoteleza, kisichoshika mshono. Uzi ulikatika. Nikatunga. Ukakatika tena. Ndege alikuwa akiita tangu alfajiri, sauti zake tatu, sauti zake tatu. Mama akasema, "Nenda uangalie pale kwa tangi."

Nilikuwa nimekwenda asubuhi. Nilikuwa na uzi mdomoni.

"Nimeona kutoka hapa, Mama," nikasema. "Wanapita."

Akageuza uso. "Siafu?"

"Siafu."

"Wamebeba mayai?"

"Wamebeba."

"Wanaenda juu ama chini?"

"Juu."

Kutoka barazani tangi halionekani. Liko nyuma ya jikoni. Mama alijua hivyo, lakini mimi sikufikiria. Nilichofikiria ni kwamba mvua iko karibu hata hivyo, kwamba simu yangu imeonyesha wingu lenye matone siku ya Alhamisi, na kwamba siku moja au mbili hazitamdhuru mtu. Nilifikiria pia kwamba sasa ataniacha nishone.

Akageuza sikio upande wa yule ndege. Kisha akasema, "Niitie jirani."

Jirani alikuja akiwa bado na kanga ya sokoni kiunoni. Mama alinyooka pale kwenye kigoda. Sijui nielezeje sura yake wakati ule. Alikuwa yule mama wa zamani, ambaye watu walimngojea afungue mdomo. "Tayarisheni jembe," akasema. "Usingoje Ijumaa."

"Asante, Kogo," jirani akasema, na akaondoka kama walivyoondoka wote siku zote. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Jumatano niliona migongo imeinama kila upande wa bonde. Kwetu pia tulipanda. Niliifukia mbegu kwa mguu, kila mara nikiangalia mbingu.

Alhamisi yalikuja manyunyu. Yalilowesha vumbi na kuamsha mbegu, na basi. Baada ya hapo jua liliwaka zaidi ya majuma matatu. Wazee wenyewe walisema hawakumbuki Aprili ikianza hivyo, na hata chai ya karibu na barabara ikaanza kukunja majani. Nilipita shamba la jirani asubuhi moja nikiwa njiani kupeleka gauni. Mahindi yalikuwa yametoka, membamba kama nyuzi, kisha yakalala. Ukiyagusa yanavunjika. Alikuwa amesimama katikati ya shamba, mikono kiunoni. Nilimsalimu. Aliitikia bila kunitazama.

Hakuna mtu aliyekuja kumgombeza mama. Afadhali wangemgombeza. Waliacha tu kusimama langoni. Yeye alisikia miguu yao ikipita, na kwa kuwa aliwajua wote kwa miguu, alihesabu mmoja mmoja. Jumapili, baada ya ibada, mwanamume mmoja alisema kwa sauti, akidhani tuko mbali, "Kogo amezeeka. Sasa tuangalie simu." Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Mkono wa mama ulikuwa kwenye kiwiko changu. Akanisukuma kidogo twende.

Lililoniumiza zaidi ni maneno aliyoanza kusema. "Siafu walitoka, na mvua haikuja," alisema akinywa chai. Alisema akienda kulala. Alimwambia mchungaji alipotutembelea. "Hilo sijawahi kuona tangu nizaliwe. Dunia imebadilika. Hata wadudu hawajui tena."

Mchungaji alisema ndiyo, mambo yamebadilika, tuombe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi. Ningeweza kusema pale pale. Nilimimina chai.

Aliacha kukaa barazani. Alisema upepo unamwingia kifuani. Kigoda chake nilikirudisha ndani, karibu na moto, na huko akawa anakaa mchana kutwa, mikono mapajani. Hakunituma tena kwenye tangi. Mimi nilikuwa nikienda mwenyewe, kila asubuhi, kama mtu anayelipa deni mahali pasipo na mwenyewe. Sikumwambia. Siafu hawakutoka, au walitoka nikiwa sipo.

Mvua ilikuja mwisho wa Aprili, na ilikuja vibaya. Watu walikuwa wamepanda tena, waliopata mbegu. Alasiri ile wingu lilitokea upande wa Sondu, jeusi chini na juu lina rangi kama ya jani bichi, na ng'ombe akalia. Nilikimbia kuanua nguo. Kabla sijafika mlangoni mawe ya kwanza yakapiga mabati.

"Ni ya mawe," mama akasema kutoka ndani. "Lete shoka."

Nikiwa mtoto nilikuwa nimemwona nyanya yangu akifukuza mvua ya mawe hivyo, lakini mama, mtu wa kanisa, sikuwahi kumwona. Alipapasa mekoni, akateka majivu kwa kiganja, akayapaka kwenye chuma cha shoka pande zote mbili. "Litupe uani. Liambie wingu lipite mbali na sisi na mbali na jirani."

Nililitupa. Nilisema maneno aliyoniambia, kwa sauti, ingawa sikuisikia sauti yangu mwenyewe. Mawe yalianguka juu ya shoka na kulizunguka mpaka uani pakawa peupe. Hayakupita mbali. Yalipiga robo saa, labda zaidi, na paa lilinguruma hivi kwamba mtu hawezi kusikia mawazo yake. Tulikaa tumeshikana mikono kama wasafiri. Kisha yakaacha ghafla, na tukasikia maji tu, yakishuka kwenye mitaro, na majani ya chai yaliyopasuka yakatoa harufu kali, mbichi, kama kwenye senta ya chai wakati wa kupima majani.

Sijui kwa nini ni wakati huo. Labda kwa sababu palikuwa kimya.

"Mama," nikasema. "Siku ile sikuona siafu. Sikuenda."

"Najua."

Nilidhani hakunisikia vizuri. "Nilikudanganya."

"Najua. Kiti chako kinalia ukisimama. Siku hiyo hakikulia." Alikuwa bado ameshika mkono wangu, na kiganja chake kilikuwa na majivu. "Na tangu lini mtu anaona tangi akiwa barazani?"

"Sasa kwa nini uliniacha? Kwa nini ulimwita jirani?"

Nje ng'ombe alikuwa akikanyaga mawe yale, na yalivunjika kama vyombo.

"Nilichoka kuwa mtu wa kuongozwa mpaka chooni," akasema. "Nilitaka kusema kama zamani, watu wakimbilie jembe. Ndege alikuwa anaita. Moshi ulikuwa chini. Nikajiambia, labda siafu wako, labda wamepita bila huyu kuwaona. Nilijidanganya mimi pia. Usibebe yote."

"Na hayo unayosema kila siku? Kwamba dunia imebadilika?"

"Nilikuwa nakungoja."

Nililia, na hakunibembeleza. Baada ya muda akasema, "Jirani lazima aambiwe. Nenda wewe, mimi sina macho ya kumtazama."

Sikuenda siku hiyo, wala juma hilo. Baada ya jua, sasa mawe yalikuwa yamemharibia shamba mara ya pili, na chai ya watu ilikuwa imebaki vijiti. Nilijipa sababu. Angoje kwanza apumue. Niende nikiwa na kitu mkononi. Mama aliniuliza mara mbili, na mara ya tatu hakuuliza. Mwezi wa sita ndipo nilipokwenda sokoni Roret, nikamkuta anapanga viazi, vikubwa juu, vidogo chini. Nilimwambia nikiwa nimesimama, bila kukaribishwa kukaa. Nilimweleza gauni, uzi, tangi. Nilimweleza pia sehemu ya mama, kwa sababu mama alitaka hivyo.

Aliendelea kupanga mpaka nikamaliza.

"Kwa nini unaniambia sasa?" akauliza.

"Ili ujue Kogo hakukosea kusoma. Ni mimi."

"Lakini alijua hukuona, na bado aliniita. Si ndiyo umesema?"

"Ndiyo."

"Basi nifanye nini na hiyo habari?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kweli, kama mtu aliyepewa mzigo na hajui pa kuuweka. "Ningeikasirikia mvua ningepona. Sasa nimkasirikie nani? Nyinyi ndio mlinificha jikoni kwenu."

Mteja alikuja, naye akamgeukia.

Nilimweleza mama yote. Aliuliza tu kama viazi vya jirani ni vya shambani kwake au ni vya kununua Londiani. Nikamwambia ni vya kununua. Akageuza uso ukutani.

Msimu uliofuata watu walipanda walivyosikia redioni, wengine wakapata, wengine wakakosa. Hakuna aliyesimama langoni. Ndege aliita majuma mawili, na kila asubuhi nilimtazama mama nikitumaini atanituma. Alikuwa akisikiliza, hilo nililiona, kichwa chake kiliinama upande wa sauti. Lakini hakunituma. Siku moja nilimwambia, "Mama, niende kwa tangi?" Akasema, "Ukitaka." Nilikwenda, na wakati huu walikuwepo, mstari mrefu mweusi unaometa, na mayai meupe katikati. Nilirudi nikikimbia kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya," akasema. Akaomba apewe chai.

Sikujua kama ameniamini. Sijui mpaka leo. Mvua ilinyesha siku ya nne.

Alifariki Julai, wakati wa baridi ile inayokaa ndani ya ukuta, kifua chake kilipojaa na dawa hazikusaidia. Watu walikuja wengi. Waliomlilia zaidi ni wale wale waliopita langoni bila kusimama, na sikuwalaumu, maana mimi niliishi naye nyumba moja na bado nilimdanganya.

Asubuhi ya mazishi nilikuta jirani ameketi nyuma ya jikoni na akina mama wanaomenya viazi. Alikuwa amekuja na gunia zima. Nilichuchumaa karibu naye nikachukua kisu. Tulimenya muda mrefu. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho, "Aliwahi kunitaja?"

"Kila jioni aliuliza kama ni wewe umepita."

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni wewe." Nilimtazama. "Na ilikuwa kweli. Ulikuwa unapita."

Aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, bila kukatika, likaanguka kwenye karai. Jeneza lilipotolewa nje na watu wakaanza kuimba, nilimtafuta ili asimame nami, kwa kuwa kati ya watoto mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiishi hapo. Alikuwa ameshaondoka. Kisu chake, chenye mpini wa mbao uliofungwa waya, kilibaki juu ya gunia.

Nilikiosha. Jumatatu nilimpelekea sokoni. Alikipokea, akakifuta kwenye kanga, akasema asante. Kisha akaniuliza kama nimekula.

"Bado," nikasema.

Alinitazama kidogo, akatazama kiti kilichokuwa tupu kando yake. Wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu wakingoja. Akaniambia nipite siku nyingine, soko likiwa limetulia.